Sumaku ya Pini

Nilipoletewa habari kwamba Shaibu amefariki, nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu ya mteja, vumbi la kutu limenijaa hadi puani, na neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Na lile gari lake?" Binti aliyeniletea habari akaduwaa. Ndipo nikakumbuka adabu nikasema inna lillahi, nikatoka chini ya pikapu, nikanawa, nikatafuta baibui. Nilikuwa mke wa Shaibu kwa mwaka mmoja na wiki tatu, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Toka hapo tulikuwa tukipishana mjini Mtwara kama watu wasiojuana, yeye ndani ya gari lake la rangi ya maziwa, mimi kwa miguu na mkoba wangu wa nyundo. Nilikwenda matangani Chuno kwa sababu mtaa mzima ungenisema nisipokwenda, na pia, kwa nini nidanganye uzeeni, nilitaka kuona gari limekaaje.

Lilikuwa bandani, limefunikwa khanga mbili, limeng'arishwa. Sisi wanawake tulikaa ukumbini, na wanaume walikuwa barazani, kati yetu pazia tu, kwa hiyo kila walichosema kilitufikia. "Mikono ile!" mmoja akasema. "Bati kwa bati, peke yake, hapa hapa uani." Mwingine akasema wanaume wa namna ile wamekwisha. Wa tatu, ambaye sauti yake naijua kwa sababu aliwahi kula vitumbua vyangu vingi mno, akasema marehemu alikuwa na sikio la chuma, aligonga gari akajua ugonjwa wake. Nikachukua kikombe changu cha kahawa nikakiweka chini taratibu, nikauma pembe ya baibui. Mwanamke aliyekaa jirani yangu akanishika goti akaniambia pole, akidhani ni majonzi. Nikamwambia asante.

Basi nitausema mwaka ule. Nilizaliwa wapi na babu zangu walikuwa nani, hayo siandiki. Babu zangu hawakuwa na gari na hawakuniachia nyundo. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi cherehani, mwari wa jana, na nimeolewa na karani wa maghala ya korosho aliyevaa soksi nyeupe. Nyumba ya Chuno ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Cherehani yangu ilikaa ukumbini chini ya dirisha, na juu ya dirisha kulikuwa na kopo la pini, na ndani ya kopo kulikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, ya kuokotea pini zikimwagika sakafuni. Nyuma kulikuwa na ua wa makuti, jiko, kinu changu nilichopewa siku ya harusi, na nafasi tupu ambayo mimi niliitaka kwa bustani ya mchicha. Shaibu akaleta gari.

Lilikuja limefungwa kamba nyuma ya lori kutoka Mikindani. Daktari mmoja Mzungu alikuwa amemaliza mkataba wake akaliacha nyuma ya nyumba, limeipa bahari mgongo, na likakaa hivyo miaka mitatu. Gari la Kifaransa, la milango minne, la kizamani hata siku zile, lenye taa mbili kubwa zilizokodoa. Kwa mbali lilipendeza. Ukilikaribia, Mtume! Chini ya milango kulikuwa kumeliwa, madigadi zimetoboka, na ukikanyaga nyuma ya kiti cha dereva unaona mchanga. Shaibu alilizunguka mara tatu, mikono nyuma, kama bwana shamba anayekagua mikorosho. "Hili," akaniambia, "nitalirudisha upya kwa mikono yangu." Alikuwa amenunua nyundo mpya, mpini bado uko ndani ya nailoni, na hakuitoa nailoni ile. Akapiga madigadi ya kushoto pigo moja, nyundo ikapita ikatokea upande wa pili. Akaiangalia. Kisha akaingia ndani kunywa maji, na siku hiyo hakutoka tena.

Wiki iliyofuata alikuwa na kipande cha bati lililokatwa kwenye pipa la mafuta, amekinyoosha, anajaribu kukibandika kwenye ule mviringo wa juu ya gurudumu. Kilikataa. Alikisukuma kwa goti, akakikalia, akakitukana, na mimi niko jikoni natwanga kisamvu naona yote. Mwisho nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Hilo huwezi kulikata kipande kimoja. Hilo ni bega." Akauliza bega gani. Nikaingia ndani nikaleta karatasi ya mfuko wa simenti, ile ya kaki ngumu ambayo nakatia vielelezo vya magauni, nikaitandaza juu ya madigadi, nikaipasua pale ilipobana, nikaikunja pale ilipozidi, nikaichora kwa chaki, nikaikata. Ilipotoka ilikuwa na umbo la ajabu, lakini ukiirudisha ilikaa kimya, haikuinuka hata pembe moja. Shaibu akaikagua pembe zote. Hakusema ahsante. Alisema, "Sawa, sasa kata ya upande mwingine." Na mimi, mjinga wa kuolewa, nikafurahi.

Ndivyo nilivyoingia. Kukunja bati nilijifunzia kwenye kinu changu: unaweka gunia dogo la mchanga mdomoni mwa kinu, unalaza bati juu yake, unaligonga kwa nyundo ya mti taratibu kutoka pembeni kwenda kati, na linaanza kubonyea vile unavyotaka. Mume wangu alikula kisamvu chenye vumbi la chuma miezi minne na kila siku alilalamika. "Hiki nini, Somoe? Kinakwaruza meno." Nikamwambia ni gari lako hilo, bwana. Kuchomelea ndiko nisikokujua, na kwa hilo alikuja Mzee Nandonde, Mmakonde wa Newala, akiwa na mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni. Mtu mkali, mwembamba, mwenye kovu la moto mkononi. Msimu wa mabibo alikuwa anakunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, kuanzia saa sita, kwa hiyo ukimtaka lazima umpate asubuhi. Siku ya kwanza alipofika aliangalia vielelezo vyangu vilivyoning'inia kwenye msumari akauliza ni vya nani. Shaibu akasema vyake. Nandonde akamwangalia soksi, akaniangalia mimi vidole, vilivyokuwa na chaki, akacheka peke yake akawasha moto.

Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga na kusikiliza. "Binti, nnakwambia," alisema, "kutu haiponi. Usiipake, usiifunike, usiibembeleze. Kata mpaka nkutane na chuma chenye akili." Na kweli, ukigonga kwa kijiko, bati zima linalia na bovu linakohoa. Nikapata sikio lile upesi. Nikawa natembea na kijiko mfukoni, nagonga, naweka alama ya chaki, nakata, naweka kielelezo, nahesabu pindo la inchi moja kwa ajili ya kukunjia ndani. Madigadi mbili tukamaliza. Sehemu za chini za milango yenyewe minne tukamaliza. Tukamaliza na sehemu ya buti inapokaa tairi la akiba. Nilikuwa nalala nimechoka, mikono imechanika, na nina furaha ambayo cherehani haikuwahi kunipa. Hilo nalisema waziwazi, maana ndilo lililoniuma baadaye kuliko ndoa yenyewe.

Lakini kulikuwa na sharti. Kazi ilifanyika nyuma ya makuti, na watu wakija mimi naingia jikoni na yeye anashika nyundo. Kila Ijumaa baada ya sala walikuja wenzake wa ghalani, wanne au watano, kuangalia maendeleo. Nilikuwa naandaa chai na vitumbua, na kabla sijatokeza na sinia nasimama kidogo nyuma ya mlango, nasikiliza. "Bati huwa linaongea," Shaibu anawaambia. "Zima linalia. Bovu linakohoa." Wanasema ah, ah, huyu bwana huyu. Anawaonyesha bega la madigadi. "Hapa huwezi kukata kipande kimoja, lazima uelewe ni umbo gani. Mimi naliita bega." Analiita yeye! Siku moja mmoja wao akauliza, "Na shemeji anakusaidia?" Shaibu akajibu, "Ananipikia," wakacheka wote, na mimi nikaingia na sinia nikawakaribisha vitumbua. Alikuwa ameshika nyundo kwa mkono wa kulia na nailoni bado iko mpinini. Hakuna aliyeiona nailoni ile isipokuwa mimi. Nikasonya kimoyomoyo, nikamimina chai.

Ikabaki sehemu moja, nayo ndiyo kubwa: ile mihimili miwili mirefu inayopita chini ya milango, kulia na kushoto, ambayo mtu anaikanyaga akipanda, pamoja na sakafu ya nyuma inayoshikana nayo. Nandonde aliniambia pale ndipo uti wa mgongo wa gari la namna ile ulipo. Pakiachia, gari linavunjika katikati na waliokaa nyuma wanakwenda chini. Nikakata vielelezo kumi na moja. Kila kimoja nikakiandika kwa kalamu ya wino, kulia au kushoto, nje au ndani, kiasi cha pindo, nikavitundika vyote kwenye msumari nyuma ya cherehani. Nilihitaji wiki mbili na Nandonde asubuhi nne. Kisha harusi ya Hadija ikavutwa mbele.

Hadija alikuwa mdogo wake Shaibu, wifi yangu, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kicheko kirefu. Alikuwa akija kukaa nami ukumbini nikishona, ananisomea vipimo vyake mwenyewe kutoka kwenye karatasi niliyoandika, anacheka kiuno chake. Gauni lake la harusi nilikuwa nalishona mimi. Alikuwa anaolewa Msimbati, na bwana harusi alikuwa na kazi Dar iliyomtaka arudi mapema, kwa hiyo siku ikasogezwa. Shaibu alikuwa ameshautangazia mji kwamba bibi harusi atapelekwa na gari lake. Nikamwambia mihimili bado. Akaniambia, "Ni chini huko. Nani ataona?" Nikamwambia si suala la kuona, ni suala la kubeba watu kwenye njia ile ya mashimo na mchanga hadi Msimbati. Akasema atamwita Nandonde. Siku mbili baadaye nikaitwa Lindi, shangazi yangu hali mbaya, nikakaa huko siku nne.

Niliporudi gari lilikuwa limepakwa rangi. Rangi ya maziwa, nzuri, siwezi kusema uongo, linameremeta uani utadhani sahani ya harusi. Mihimili imenyooka, laini kabisa. Nikaingia ndani kwenda kwenye msumari wangu. Mtupu. "Vielelezo vyangu viko wapi?" Shaibu alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha. Akatafuna, akameza, akasema, "Mbuzi wa Bi Mwanahawa waliingia. Wamevila vyote." Bi Mwanahawa alikuwa jirani yetu, mjane mpole, na mbuzi wake kweli walikuwa na tabia ya kuingia. Nikatoka moja kwa moja mpaka kwake, nikasimama uani kwake mbele ya wajukuu zake, nikamtukania mbuzi wake na malezi yao. Yule mama akabaki ameshika mdomo. "Mwanangu," akasema, "mbuzi wangu niliwauza wote juzi juzi, kabla ya wewe kwenda Lindi." Sikumsikiliza. Nikamwambia basi ni wa mwingine na yeye ndiye aliyewazoesha. Nilijisikia nina haki tele siku ile.

Keshoye nikamkuta Nandonde sokoni Chikongola ananunua tumbaku. Nikamshukuru kwa kumaliza kazi. Akanitazama. "Kazi gani? Nna wiki tatu sijafika Chuno." Pale pale, katikati ya mafungu ya dagaa, nikaelewa. Puti. Alikuwa ameziba matundu kwa puti, ule ujiuji mweupe wa mafundi rangi unaokauka ukafanana na bati, akapiga msasa, akapaka rangi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Shaibu najua. Nilimwambia polepole kwanza, nikambembeleza, tukodi gari lingine, hili liende mbele tupu lipigiwe vigelegele, watu wakae kwenye jingine. Hakukana. Alisema, "Somoe, ukinitia aibu kwenye harusi ya dada yangu utaona." Asubuhi ya siku yenyewe nikamwambia tena, anafunga tai mbele ya kioo. Hakunigeukia.

Ua ulikuwa umejaa watu. Pilau limeshaliwa, wanawake wanaimba, upande wa bwana harusi wamekuja wazee watano wamekaa kwenye viti vya kuazima. Gari limefungwa utepe. Hadija alitoka kwenye gauni langu, macho chini, na nyuma yake somo yake na shangazi zake wawili, mmoja wao Bi Asumini, mama wa kifua na nyonga za kutosha watu wawili. Wote wanne walikuwa wapande pale. Nikamwona Hadija anainua mguu kutafuta pa kukanyaga. Nikaingia ndani mbio, nikamwaga kopo la pini juu ya cherehani, nikachukua sumaku, nikatoka. Nikapita katikati ya waimbaji mpaka kwenye gari, nikasema, "Wifi, ngoja kidogo." Nikaweka sumaku kwenye madigadi. Ta! Ikanasa. Nikaiweka sehemu ya chini ya mlango wenyewe wa mbele. Ta! Ikanasa. Kisha nikainama nikaiweka kwenye mhimili, ikaanguka mchangani. Nikaiokota, nikaifuta, nikaiweka tena. Ikaanguka. Nyimbo zilikuwa zimekatika. Mara ya tatu niliiweka nyuma kidogo, mahali ambapo Hadija angekaa, na ikaanguka pale pale, na kila mtu aliisikia.

"Sumaku mbovu hiyo," Shaibu akasema. Akajaribu kucheka. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akainuka na bakora yake, akagonga madigadi, ikalia. Akagonga mhimili. Pu. Akagonga tena akiwa amemtazama Shaibu usoni. Pu. Akasema kwa upole kabisa, "Mke wetu hatapanda humu." Mwanamume aliyekuwa na maneno kila Ijumaa, leo anahangaika kunyoosha utepe wa gari! Bibi harusi akapelekwa Msimbati nyuma ya pikapu iliyoleta samaki asubuhi ile, ameketi juu ya godoro na gauni jeupe nililolishona siku kumi na moja, Bi Asumini amemkingia mwavuli. Kabla hajapanda Hadija alinigeukia. Nilidhani atanishika mkono. Alisema, "Umeniharibia siku yangu kwa wivu wako, wifi. Sitakusamehe." Siku ya Jumatatu Shaibu akaniandikia talaka kwenye karatasi ya daftari, nikachukua cherehani, kinu na kopo la pini nikaondoka.

Mji ulikata shauri upesi. Somoe alikuwa na wivu. Somoe alitaka sifa za mume. Sumaku yenyewe ya spika mbovu. Na nani angebisha? Hakuna aliyeifungua mihimili ya gari. Shaibu alilitunza miaka yote ile, akalifuta kila siku, akaliendesha Jumapili polepole mpaka posta na kurudi, na hakuwahi kumpakia mtu. Si mke wake wa pili, si watoto, si mgonjwa wa jirani aliyekuja kupiga hodi. Watu wakasema ni mapenzi, analionea huruma. Mapenzi! Nilikuwa naliona linapita, mtu mmoja ndani, mwendo wa jeneza, nikajua kabisa anaogopa mashimo. Hata hivyo kuna siku nyingine, nakiri, nilijiuliza. Labda aliziba vizuri. Labda alimpata fundi mwingine, bati lilikuwa ndani zaidi, puti juu tu. Labda nilimpandisha msichana wa watu kwenye pikapu ya samaki bure. Mzee Nandonde alinichukua nikachomelea naye mpaka alipokufa, na siku moja nilimuuliza kama nilikosea. Akasema, "Fungua ndo ujue," na mimi sikuwa na gari la kufungua.

Arobaini ilipopita, lori likasimama nje ya karakana yangu, Mikindani ninakoishi siku hizi, na juu yake lile gari. Akashuka Twalibu, mtoto wa Shaibu kwa mke wa pili, kijana wa ofisini mwenye miwani ya jua na simu mbili. "Shikamoo mama mkubwa," akasema, na hilo lilinishika kidogo, maana hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Kisha akaharibu. "Nataka lirudi orijino, nilipeleke Dar kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Si kazi kubwa. Baba alimaliza kila kitu, ni kutachitachi tu." Nikamwuliza baba alimaliza nini. Akainua miwani akaniambia kwa heshima, kama unavyomfundisha mzee kutumia simu, kwamba ukigonga bati linaongea. Nikasema kumbe. Mlango wa pili wa lori ukafunguka, akashuka mwanamke mnene mwenye mvi, taratibu, ameshika goti. Sikumjua mpaka alipokosea kukanyaga akacheka. Kicheko kile kirefu. Hadija.

Hakunisalimu kwanza. Alikuja kwa ajili ya kaka yake, akasema, aone lile gari linatengenezwa kwa heshima. Nikamletea kigoda. Akakaa, miguu imenyooshwa, mkoba mapajani, uso wa kusimamia. Nikaingia ndani nikarudi na sumaku. Akaitazama mkononi mwangu. "Ile ile?" akauliza. "Ile ile." Nikaiweka kwenye madigadi yangu, ikanasa, miaka yote ile na chuma bado kinalia. Sikuiweka kwenye mhimili. Nilikuwa nimeshalifanya hilo mara tatu maishani na halikunisaidia. Nikavaa miwani ya kazi, nikawasha grinda.

Puti ilitoka kwa mabamba, nene vidole vitatu, nyeupe ndani. Nyuma yake hakukuwa na bati. Hakukuwa na chochote cha chuma, ni maganda ya kutu tu yaliyomwagika mchangani kama majani ya chai. Nyuma ya puti kulikuwa na gunia la korosho limesokomezwa, limeoza. Nikalivuta. Nyuma ya gunia kulikuwa na kitu kingine kimeshindiliwa ili kulizuia gunia lisitumbukie, kitu kigumu, kilichopakwa grisi kwa wingi. Nikakivuta nacho. Kilikuwa karatasi ya kaki, imekunjwa mara nyingi. Grisi ilikuwa imeitunza. Nikaikunjua juu ya boneti, nikaifuta kwa kitambaa, na wino ukajitokeza: *Kulia. Nje. Chini ya mlango wa nyuma. Pindo inchi moja.* Nyuma yake ipo nyingine. Zilikuwa zote kumi na moja. Alikuwa ameziba tundu kwa vile vielelezo vyenyewe vya kulitengenezea, amevisoma au hakuvisoma sijui, akapaka grisi, akapaka puti, akaoga akaenda kula muhogo.

Twalibu akainama, akanyanyua miwani. "Baba alikuwa na mwandiko mzuri," akasema.

Mimi niliendelea kufuta grisi. Hadija ndiye aliyenyanyuka, akaja akaishika ile karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wenye umri wetu tunavyosoma. "Huu si mwandiko wa baba yako," akamwambia. "Huu ndio ulioniandikia vipimo vya gauni langu." Akatazama mhimili uliofunguka, ukionyesha mchanga wa uani kwangu upande wa pili. Akaweka mkono juu ya tundu, wazi, kama anayepima upana wake. "Wifi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ile, "mimi ningekaa upande huu." Machozi yakamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Nilitaka kumjibu kwa ukali, nilikuwa nimeyatunza maneno miaka thelathini, mazuri, makali, moja moja. Nikayatafuta nikayaona hayafai. Nikamwambia, "Kaa, Hadija. Goti litakuuma."

Hakukaa. Nilipotandaza karatasi juu ya shiti mpya ya bati akaja akashika ncha ya pili isijikunje, na mimi nikachora. Sikuongeza kitu, sikupunguza kitu. Nikachukua mkasi wa bati. Kisha nikamgeukia Twalibu, aliyekuwa amesimama na simu zake mbili hajui azipeleke wapi, nikamwambia aache yote aende Chuno akaniulizie kama Bi Mwanahawa yuko hai bado, na kama hayuko anitafutie wajukuu zake, maana nina deni la radhi kwa mbuzi wa watu.